Aya Isiyo na Sentensi ya Mwisho

Mwalimu Salvatori alitoka darasani katikati ya zoezi, akaacha koti lake limening'inia kwenye kiti, akatuambia, "Endeleeni, narudi," na hakurudi. Ilikuwa Rumonge, asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka 1972. Jioni ya siku hiyo hiyo mauaji yakaanza upande wetu wa ziwa. Tangu hapo nimezika watu wengi, na wengi wao najua walikufaje. Kuhusu mtu huyu mmoja sijapata hata leo wa kuniambia kama alikwenda kufa, alikwenda kujiokoa, au alikwenda kwenye jambo la tatu ambalo sisi watoto wa darasa la sita tusingeweza kulidhania.

Mwanzoni mwa mwaka huu dada yake alinitembelea Bujumbura. Anaitwa Imakulata, kanizidi umri, anatembea kwa fimbo, na alikataa chai yangu mpaka kwanza aseme lililomleta. Kwao milimani mtu akifa watu humlilia, kisha baada ya muda ndugu hukutana tena, hunywa pombe ya mtama, huambiana maneno ya kuagana, na matanga yanakwisha. Wenyewe huita kuganduka. Kwa Salvatori hawajaganduka, kwa sababu hawajawahi kuanza kulia. Mama yao alikufa akiwa bado anamwekea chakula pembeni siku za sikukuu. Sasa katika watoto wa mama yule kabaki Imakulata peke yake, na hataki kuondoka duniani akaacha jambo hili kwa wajukuu ambao hata sura ya mtu huyo hawaijui. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mjukuu wa mwenye nyumba aliyempangisha kaka yake, tena kwamba nilikuwa darasani siku ile. "Niambie neno moja tu, mama," akasema. "Nimulie, ao nimungoje?" Nikamjibu kwamba neno moja sina, nina vipande. Akanywa chai, akasema nimpe hivyo vipande, atavibeba mwenyewe. Ndiyo maana nauandika mwaka ule kama ninavyoukumbuka.

Mwalimu alikuja kwetu kabla shule hazijafunguliwa, na Bibi yangu, Bi Mwamvua, akampa chumba cha uani, kile ambacho dirisha lake lilitazama jikoni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, msumari wa kutundikia nguo, na chini ya kitanda jozi ya viatu vyeusi alivyovivaa Jumapili tu, akienda kanisani. Sisi tulikuwa Waislamu, mtaa mzima, watu ambao mababu zao walitoka Kongo na ng'ambo ya Kigoma, na yeye alikuwa mtu wa milimani, wa maharage na ndizi, aliyeyaona mawese kwanza kama dawa. Wiki ya kwanza alikuwa akiisukuma sombe, kisamvu chetu cha mawese, kando ya sahani. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa anamwuliza Bibi kama imebaki. Ila koti hakuliacha. Lilikuwa la sufu, rangi ya majivu, zito, na alilivaa katika joto letu kama vile baridi ya kwao ingeweza kushuka na kumkuta bila taarifa. Akina mama waliokuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani walimwita akipita na kumuuliza kama amekuja kufundisha ao kuatamia mayai. Yeye aliwajibu kwa salamu ya kwao, "Amahoro, bamama," akaendelea na njia, na koti lake.

Mwaka ule ulikuwa wa konkuru, mtihani wa taifa wa kwenda sekondari, na darasa letu lilikuwa na ugonjwa mmoja ambao mwalimu hakuwahi kuuona kwingine. Sehemu ya mtihani ilikuwa aya ya Kifaransa; unaisoma, unataja wazo kuu, kisha unaonyesha maelezo yanayolibeba. Kifaransa chetu kilikuwa cha kutosha. Maneno tuliyajua. Lakini kila alipotupa aya, sisi watoto wa mtaa wa Waswahili tulichagua sentensi ya mwisho. Nakumbuka aya moja ya mvua. Ilisema mvua ni rafiki wa mkulima. Hulainisha udongo, huotesha mbegu, huijaza mito. Mwaka uliopita ilijaza mto mpaka ukavunja daraja. Mwalimu akauliza wazo kuu ni lipi, na darasa karibu zima likajibu: daraja limevunjika. Akasoma tena polepole. Tukajibu tena daraja. Yasini, aliyekaa dawati la karibu na mlango na ambaye hakuogopa kitu, akasimama kututetea. "Mwalimu, daraja limevunjika," akasema. "Nani atauliza mambo ya mbegu?" Tulicheka, na mwalimu alicheka pia, lakini nilimwona jioni ile uani amekaa na kitabu mapajani, hakisomi.

Alitupigania kwa njia yake. Alikuwa na desturi ya kuzungumza na sentensi ubaoni kama watu waliobisha hodi. Aligonga kila moja kwa chaki na kuiuliza, "Wewe, umetumwa na nani?" Sentensi ya udongo ilitumwa na ile ya rafiki wa mkulima. Ya mbegu hali kadhalika. Hata ile ya daraja, ukiibana, haikutoka kwenda kwa haja zake. Ilitumwa kuonyesha kwamba rafiki naye huwa na hasira. Iliyowatuma wengine wote, na yenyewe haikutumwa na mtu, hiyo ndiyo wazo kuu. Wengine ni wajumbe. Tulielewa, tukarudia vizuri, na wiki iliyofuata tukachagua tena ya mwisho.

Jibu alilipata kwa Bibi, kwenye chakula cha mchana. Tulikuwa tumekaa uani, bugali katikati, ndagala za kukaanga na mboga ya lengalenga, mwalimu kwenye kigoda chake na koti begani. Akaingia mtu kutoka Minago, jamaa wa upande wa babu, akanawa, akakaribishwa, akakaa. Bibi akamuuliza habari za kwao. Nzuri. Watoto? Wazima. Ziwa? Wiki hii limetoa, ndagala mpaka watu wamekosa pa kuanika. Mihogo? Imekubali. Yule binti aliyeolewa Gitaza? Amejifungua, mutoto mwanaume, anafanana na baba yake, maskini. Bibi alicheka. Mgeni akamega tonge, akachovya, akala, akanywa maji. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Tuko salama kabisa, ila Muzee Kibwana alituacha jana." Bibi akaweka tonge chini. Wajomba wakainuka kutafuta baiskeli. Katika dakika ile nyumba nzima iligeuka, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba habari ya msiba ilikuwa imekaa nasi kwenye mkeka muda wote huo, ikingoja zamu yake. Kwetu ndivyo ilivyokuwa heshima. Humtupii mtu maiti mlangoni. Kwanza unamkalisha, unampa vile vilivyo vizima avishike, halafu ndipo unampa kile kizito, baada ya ila. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa, na mkono wake hewani. Baadaye alinifuata jikoni, akaniuliza kama ni hivyo siku zote. Nikashangaa swali. Nikamwuliza kwao watu wanasemaje. Akafikiri, akasema kwao pia hawakurupuki, lakini hapa, hapa ni kazi.

Kesho yake aliingia darasani na furaha ya mtu aliyekipata kilichopotea. Alituambia kwamba sisi si wajinga, ni wasikilizaji. Tumelelewa kungoja ila. Tatizo ni kwamba aliyeandika kitabu hakulelewa na bibi zetu. Huyo hana haya, akasema, huyo anafungua mlango na maiti mkononi, halafu ndipo anaanza kukuuliza habari za watoto. Kwa hiyo mkiingia katika aya yake, tazameni kwanza mlangoni. Tangu siku ile darasa lilipona, karibu lote. Mimi niliona raha ambayo sikuwahi kuiona katika hesabu wala dini: kuingia katika kundi la maneno, kumtambua mtumaji, na kuwaona wajumbe wakipanga mstari nyuma yake. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ya kuandika habari, nilianzia pale. Yasini hakuridhika. Aliuliza, kama lenye uzito limeshasemwa mlangoni, mtu anaendelea kusoma kwa sababu gani? Mwalimu alimjibu kwamba swali hilo ni zuri, na kwamba kuna aya za namna ya tatu, ambazo mtumaji hayupo mlangoni wala uani. Wajumbe wote wamefika, yeye kabaki kwake. Hizo tutazifanya mwisho.

Tulizifanya Jumamosi ile. Aliandika ubaoni aya fupi aliyoitunga mwenyewe, nadhani kwa ajili yetu: ua umefagiliwa tangu alfajiri, mikeka imetandikwa, masufuria makubwa yameazimwa kwa jirani, wanaume wamekaa nje, wanawake ndani, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Kuna nini nyumbani hapa? Nusu ya darasa ilisema arusi, nusu ikasema msiba. Tukabishana, wengine wakitaja ya kwao. Alituacha tubishane mpaka tukachoka. Kisha akasema kwamba wote tuna haki, kwa kuwa hakuna mjumbe hata mmoja pale anayekataa arusi, wala anayekataa msiba. Anayekimbilia kusema, akasema, hajasoma, amechagua tu. Akatuuliza ni jambo gani moja likiongezwa litatuamulia. Niliinua mkono. Nilitaka kusema ngoma. Wakati huo huo mtu akasimamisha baiskeli mbele ya darasa.

Nilikuwa dawati la tatu. Nilichosikia ni hiki. Mtu yule alisema amahoro, kisha akaendelea kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha kando ya ziwa, si kile cha milimani. Alisema watu wa nyumbani wako wazima. Alisema mvua imenyesha vizuri. Alisema ng'ombe wa kwenu amezaa, ndama dume. Mwalimu aliitikia kila kimoja huku amesimama kizingitini, ametupa mgongo, na chaki mkononi. Kisha mtu yule akashusha sauti, na mwalimu akatoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake. Aliporudi, aliingia hatua moja tu. Chaki aliitia katika mfuko wa shati, akatuambia tuendelee, anarudi. Tukamwona dirishani akikaa nyuma ya baiskeli, wakaenda upande wa Minago. Hakuonekana kama mtu anayekimbia. Hakuonekana pia kama mtu anayekwenda kumwona ndama.

Msomaji wa nchi yetu, akifika hapa, ameshaanza kutafuta jambo moja: mwalimu alikuwa wa kabila gani? Najua kwa nini analitafuta. Siku za kwanza waliuawa watu wa upande mmoja, na majuma yaliyofuata, kwa wingi usiosemeka, wakauawa wa upande wa pili, na wa kwanza kutafutwa walikuwa waliosoma, walimu wakiwa miongoni mwao. Nikilitaja kabila lake, msomaji ataandika wazo kuu papo hapo, na wajumbe wengine wote hawatasikilizwa: koti, chaki, ndama, baiskeli. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakifanya hivyo na marehemu wa wenzao kwa miaka yote hii. Kwa hiyo sitalitaja. Imakulata analijua, na hata yeye halikumsaidia.

Jumapili tulijifungia. Watu walipita, kila mmoja na kipande chake: moshi upande wa Kizuka, gari lililopinduliwa njiani, watu waliolala katika michikichi. Wajomba walibishana kama ni fujo ya kupita ao ni jambo lenyewe. Bibi aliendelea kupanga siku kama kawaida, na Jumatatu mchana alikuwa anasonga bugali wakati Mama Zuhura, mwuza ndagala wa Gitaza tuliyemjua miaka mingi, alipoingia uani bila ndoo yake na bila viatu. Bibi alimkaribisha, akamwuliza habari. Mama Zuhura hakujibu nzuri. Hakukaa. "Wamemuua bwana yangu," akasema, "na mutoto wake." Hapakuwa na kitu kingine nyuma yake, si mihogo, si mvua. Bibi akauondoa mwiko, akamwaga maji katika moto. Mjomba mkubwa akaanza kusema tungoje kwanza tusikie upande wa serikali. Bibi akamkata. "Mama Zuhura ameanza na maiti," akasema. "Mimi sijaona siku ya namna hiyo. Beba watoto." Hakuhitaji kipande cha pili. Alasiri ile ile tulishuka ufukoni, na kesho yake tulikuwa Kigoma. Bugali liliachwa limeiva nusu.

Kabla ya kushuka, Bibi aliniita chumba cha uani. Alitaka tuchukue vitu vya mpangaji, tumtunzie. Viatu vyeusi vilikuwa pale chini ya kitanda. Shati la Jumapili lilikuwa kwenye msumari. Hakuna kilichoguswa. Akaniambia tupitie shule, tuchukue na lile koti, kwani mtu yule bila koti ni kama kuku aliyenyonyolewa. Shule haikuwa imevunjwa. Mlango wa darasa ulikuwa umerudishiwa tu, na ubaoni aya ilikuwa pale pale: mikeka, masufuria, mbuzi. Kiti kilikuwa mahali pake, lakini koti halikuwepo. Bibi alikitazama kile kiti, akasema, "Mwenyewe amekuja kulichukua," na akatembea haraka kuelekea ziwani kama mtu aliyefarijika. Mimi niliwaza viatu. Mtu anayerudi kuchukua koti lake, akijua safari ni ndefu, kwa nini asipite nyumbani kuchukua viatu?

Miaka iliyofuata wajumbe waliendelea kuja. Huko Kigoma mvuvi mmoja alituapia kwamba amemwona Uvira, anafundisha, na koti mwilini. Mwingine alisema aliliona koti hilo, lakini limevaliwa na askari. Mwingine alisema alimwona mwalimu juu ya lori, bila koti. Konkuru sikuifanya mwaka ule. Niliifanya mitihani mingine, kwa lugha nyingine, na kila nilipofika sehemu ya wazo kuu niliisikia chaki ikigonga ubao.

Haya yote nilimpa Imakulata. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye ndama aliyafumbua. Akasema ng'ombe wao alizaa kweli, wiki ile, na ndama alikuwa dume. Alimkumbuka kwa sababu baba yao alimwita jina la furaha, na jina lile liliwachoma baadaye. Kwa hiyo mtu wa baiskeli hakubuni. Alitoka kwao, au alizungumza na aliyetoka kwao. Nikamwuliza nani alimtuma. Akatikisa kichwa. "Kwetu hakuna aliyetuma mutu," akasema. "Tumeulizana mpaka tumemalizika. Hakuna."

Kabaki Yasini. Yeye alirudi Rumonge zamani, anakamua mawese Kizuka, na ndiye aliyekaa karibu na mlango siku ile. Kila tulipokutana misibani aliligeuza swali langu kuwa mzaha. Safari hii nilimfuata kwake. Alinikalisha karibu na mapipa, mikono yake ikiwa myekundu hadi viwikoni, akaniuliza habari za Bujumbura, za watoto, za goti langu, akaagiza bugali, tukala. Aliniuliza kama bado ninaandika maiti mlangoni. Nilimwambia nimeacha kazi. Kisha nikamweleza habari za Imakulata, za chakula alichowekewa kaka yake kila sikukuu, za pombe isiyopikwa, nikamwomba, kwa ajili ya mwanamke huyo si kwa ajili yangu, aniambie alichosikia.

Alinawa mikono muda mrefu, kwa sabuni, mpaka maji yakaisha katika birika. Akasema kama angekuwa na sentensi nzima angekwisha kuiuza, mimi ningeinunua. Alisikia ndama, kama mimi. Baada ya ndama, mtu yule alisogea, na Yasini alimsikia akisema, "Basi huko bote bako salama, mwalimu, ila." Hapo hapo mwalimu akauvuta mlango.

Nimempigia Imakulata simu, nimemweleza. Akaniuliza mwalimu aliuvuta mlango haraka, ao polepole. Yasini anasema polepole. Mimi nakumbuka haraka. Mtama wa pombe ya kuganduka Imakulata ameshanunua, uko ndani ya gunia, na hajauloweka.